Sura ya 6: Shiden, Ndege ya Kivita Yenye Asili ya Majini

Ukishuka kutoka Kaloleni, Kisumu, hadi Ghuba ya Winam, unafika penye maji yaliyowahi kuwa uwanja wa ndege. Mwaka 1931 Imperial Airways ilianza kutua hapo na Short Calcutta, ndege ya injini tatu iliyoelea kwa tumbo lake la chuma chepesi. Ndege hiyo ilikuwa na jamaa Japani. Kampuni ya Short ilitengeneza Rangoon, toleo la kijeshi la Calcutta, na kutokana na ukoo huo ikawaundia Kawanishi, kampuni ya Japani, ndege kubwa ya majini mwaka 1930.

Kawanishi wakabobea katika kuunda ndege za majini. Mwaka 1940 Jeshi la Wanamaji la Japani lilitaka ndege ya kivita ya kutumika mahali pasipo na viwanja vya ndege. Kawanishi wakaunda Kyofu, yenye boya kubwa chini ya tumbo. Wahandisi wakajiuliza: tukiondoa boya na kuweka magurudumu, je? Bila kuagizwa na jeshi, wakaunda Shiden, iliyoruka mara ya kwanza tarehe 27 Desemba 1942.

Shiden ilirithi mabawa ya Kyofu, yaliyotokea katikati ya ubavu. Kwa ndege ya boya, hilo halikuwa tatizo. Lakini Shiden ilikuwa na pangaboi kubwa, na ili lisigonge ardhi, miguu iliyoning'inia kutoka bawa la juu vile ilibidi iwe mirefu mno. Wakaifanya ya kurefuka na kufupika: rubani aliirefusha kabla ya kutua, na ilifupishwa ili iingie bawani. Mtambo huo ulisumbua, na miguu ikawa inavunjika wakati wa kutua.

Dawa ilikuwa kuugusa urithi wenyewe. Katika Shiden-Kai, iliyoruka tarehe 31 Desemba 1943, mabawa yalishushwa chini ya kiwiliwili, miguu ikawa mifupi na ya kawaida, mkia ukasanifiwa upya. Vipuri vilipungua kutoka takriban 66,000 hadi 43,000. Marubani wengi wa Marekani waliokutana nayo mwaka 1945 waliiheshimu, ila zilizotoka kiwandani zilikuwa kama 400 tu.

Mwaka mzima ulikwenda kati ya ndege hizo mbili. Mbunifu anayerithi kazi nzuri hana budi kuuliza kila kiungo: kiliwekwa kwa sababu gani, na sababu hiyo bado ipo? Kawanishi waliondoa boya mapema. Bawa lililofuatana na boya hilo wakachelewa kulihoji.