Chuo Hakichaguliwi Steshenari

Ukitaka kujua vijana wetu wanachaguaje vyuo, usiende shuleni kwao. Nenda steshenari yoyote ya Nyegezi Kona au Buzuruga, hapa Mwanza, mwezi Julai, siku mbili tatu baada ya Baraza la Mitihani kutangaza matokeo ya kidato cha sita. Benchi limejaa. Kuna mama mwenye bahasha ya kaki, kuna baba aliyefunga duka mapema, na nyuma ya kompyuta kuna kijana anayeuliza bila kuinua macho: "Mama, chaguo la pili tuweke nini?"

"Wenzake wanaweka nini?"

"Wengi wanaweka ualimu."

"Basi weka."

Mwenye matokeo hayupo. Yuko kambini.

Hili ndilo jambo ambalo miongozo ya udahili haiwezi kulieleza vizuri, na sisi walimu wa ushauri nasaha tunakutana nalo kila mwaka. Mhitimu wa kidato cha sita anamaliza mtihani mwezi Mei, na baada ya muda mfupi anaitwa kwenye mafunzo ya Jeshi la Kujenga Taifa, JKT, kwa mujibu wa sheria. Mtoto wa Mwanza anaweza kupangiwa Rwamkoma mkoani Mara, Bulombora kule Kigoma, au Ruvu mkoani Pwani. Matokeo yanatoka yeye akiwa kwenye gwaride. Dirisha la udahili linafunguliwa yeye akiwa kwenye gwaride. Simu kule si kitu cha kushika unapojisikia. Kwa hiyo mzazi wa Kitanzania hamsaidii mwanawe kuchagua chuo kwa maana ya kumpa mawazo tu. Mara nyingi yeye ndiye anayekaa pale kwenye benchi na kuamua, kwa niaba ya mtu ambaye hakuwahi kulizungumza naye jambo hilo kwa dakika kumi mfululizo.

Ushauri wangu wa kwanza, basi, ni wa kalenda. Chuo kinaombwa Julai na Agosti, lakini kazi ya kukijua ni ya Desemba iliyotangulia, kijana akiwa likizo na bado miezi mitano afanye mtihani. Nendeni mara tu shule zinapofungwa. Kwa kawaida vyuo vikuu bado viko darasani kabla ya mapumziko ya Krismasi. Ukienda tarehe 27 utaonyeshwa majengo na mlinzi, na majengo hayajawahi kumfundisha mtu.

Safari yenyewe si ya gharama kama watu wanavyodhani. Jiji hili lina vyuo vingi ndani ya nauli ya hiace mbili. Mzazi wa Sengerema ambaye zamani alipanga siku yake kwa kusubiri kivuko cha Busisi, tangu Juni 2025 anavuka kwenye Daraja la J.P. Magufuli, kilomita tatu juu ya maji, na kurudi kwake kabla ya giza. Wa Ukerewe bado anahesabu saa za kivuko, na wa Bukoba akipata meli ya usiku anashuka bandarini asubuhi akiwa na siku nzima mbele yake.

Asubuhi mpande kilima cha Bugando. Hospitali ile ilifunguliwa mwaka 1971, na chuo kikuu cha sayansi za afya kilichoambatana nayo, CUHAS, kilianza mwaka 2003. Kijana anayesema anataka udaktari namshauri asianze na ofisi ya udahili. Akae kwanza nusu saa karibu na mapokezi ya wagonjwa, atazame tu. Nimeona wanaotoka pale wamenyamaza, na nimeona wanaotoka pale macho yanawaka. Wote wamepata jibu kwa nauli ya mji. Kisha ndipo aulize hesabu: udaktari ni miaka mitano darasani na wodini, halafu mwaka mmoja wa mafunzo kwa vitendo, halafu usajili wa baraza la taaluma. Na papo hapo kilimani kuna famasia, maabara, uuguzi na picha za mionzi, fani ambazo wazazi wengi huzitaja tu pale udaktari unapokosekana, kana kwamba ni makombo. Mgonjwa hawezi kutibiwa bila majibu ya maabara, lakini sijawahi kusikia harusini mtu akitambulishwa kwa fahari kuwa "mkwe wetu ni wa maabara".

Mchana mteremke hadi Malimbe, kwenye Chuo Kikuu cha Mtakatifu Augustino, SAUT. Kilianza mwaka 1960 kama kituo cha mafunzo ya jamii cha Nyegezi, kikawa chuo kikuu mwaka 1998, na kwa uandishi wa habari kina jina la siku nyingi. Hapa kitu cha kukagua kwa makini ni makazi. Wanafunzi wengi wanaishi nje, kwenye vyumba vya kupanga ambavyo wenyewe wanaviita geto. Ombeni kuingia katika geto moja. Angalieni kama mita ya umeme ni ya chumba au inachangiwa na wapangaji sita, kwa sababu ugomvi wa LUKU umeshawahamisha watu katikati ya mitihani. Fungueni bomba. Ulizeni maji yanatoka siku ngapi kwa wiki. Kodi inalipwa kwa mwezi, kwa miezi sita, au kwa mwaka mzima mbele? Kisha tembeeni kwa miguu kutoka geto hadi darasani, si kwa bodaboda, na kama mna binti, tembeeni tena saa moja na nusu jioni.

Nilimsindikiza siku moja baba mmoja na bintiye kwenye chuo kimojawapo cha jijini. Baba aliuliza kila kitu: ada, sare, ratiba, nidhamu. Mwanafunzi wa mwaka wa tatu aliyekuwa akitutembeza akawa anamjibu baba, na binti akabaki nyuma anachezea kamba ya mkoba. Nikamwomba mzee twende tukaone maktaba. Tuliporudi tukawakuta wale wawili wamekaa kwenye ngazi wanaongea kama ndugu. Binti alikuwa ameuliza maswali matatu tu: usiku mnarudije, somo gani linadisko watu wengi, na bumu likichelewa mnakula nini. Baba yake, kwa ujuzi wake wote, asingeyafikia hata moja.

Kwa asiyejua, bumu ni ile fedha ya chakula na malazi anayolipwa mnufaika wa mkopo, na kudisko ni kuondolewa chuoni kwa kufeli. Ukiyasikia maneno hayo kwenye ngazi, ujue ziara imefanikiwa. Mzazi, kazi yako hapo ni kwenda kuona maktaba.

Sasa niseme jambo litakalowaudhi baadhi yetu. Tumezaliwa kandokando ya ziwa, tumesomeshwa kwa dagaa na sangara, na asubuhi ya Mwaloni Kirumba tunaijua kuliko tunavyoijua ofisi yoyote. Hata hivyo mzazi akitoka Malimbe kurudi mjini, anapita Nyegezi bila hata kugeuza shingo kuitazama kampasi ya Wakala ya Elimu na Mafunzo ya Uvuvi, FETA, mahali ambapo watu wanafundishwa kuvua, kufuga na kusindika samaki kwa utaalamu. Nikiwauliza sababu wanasema, "Mwalimu, nimemtoa mtoto mtumbwini ili nimrudishe mtumbwini?" Naielewa kauli hiyo, na bado nadhani ina kosa ndani yake. Angalia vizimba vya sato vinavyoongezeka ziwani: mwenye kizimba anatafuta mtu anayejua chakula cha samaki, ugonjwa wa samaki na hewa iliyomo majini. Mtu huyo haketi mtumbwini kwa maana ile ya babu. Na si uvuvi tu. Pasiansi kuna chuo cha wanyamapori, Butimba kuna chuo cha ualimu, Nyakato kuna VETA, na Taasisi ya Teknolojia ya Dar es Salaam ina kampasi hapa Mwanza inayofundisha teknolojia ya ngozi, katika kanda ambayo ng'ombe ndiye benki. Kijana aliyemaliza kidato cha nne na kupata ufaulu wa wastani angeanzia huko, angepata stashahada, na mlango wa shahada ungebaki wazi kwake. Nani alisema njia ni ya kidato cha tano peke yake?

Vyuo hivi vya kati viko chini ya NACTVET, na vyuo vikuu viko chini ya Tume ya Vyuo Vikuu, TCU. Kabla hujalipa hata shilingi ya fomu, hakikisha jina la chuo liko kwenye orodha ya mamlaka yake, kisha hakikisha na programu yenyewe ipo, maana chuo kinaweza kutambuliwa na kozi fulani ikawa imesimamishwa. Si jambo la kufikirika: mwaka 2017 TCU ilizuia vyuo 19 kudahili wanafunzi wapya. Bango la barabarani lenye picha ya kofia ya mahafali halithibitishi chochote.

Kwenye kitabu cha mwongozo cha TCU utakuta sifa za chini za kila programu. Alama zinahesabiwa hivi: A ni 5, B ni 4, C ni 3, D ni 2, E ni 1, na kwa jumla mwombaji anatakiwa awe na angalau alama 4 katika masomo mawili ya tahasusi. Wazazi wengi wakishaona mtoto amefikisha 4 wanashusha pumzi. Wasishushe. Sifa ya chini inakufikisha getini, na getini kuna foleni. Programu inayopendwa inajazwa na wenye alama za juu kwanza, kwa hiyo katika machaguo yenu wekeni moja la kutamani, mawili ya uhakika wa kawaida, na moja ambalo hata siku ikiwa mbaya atapokelewa, mradi liwe jambo ambalo kijana mwenyewe amelikubali. Na ulizeni pia kinachofuata baada ya shahada. Mwenye shahada ya sheria bado si wakili mpaka apite Shule ya Sheria. Bajeti iliyoishia kwenye mahafali itapelea.

Nimefika kwenye karatasi, na hapa ndipo machozi yalipo. Ombi la mkopo wa Bodi ya Mikopo, HESLB, linadai cheti cha kuzaliwa kilichohakikiwa na RITA, vyeti vya vifo kama mzazi amefariki, picha na kitambulisho cha mdhamini, sahihi na mhuri wa serikali ya mtaa, na kiapo mbele ya mwanasheria. Kila kimoja kina ofisi yake, na kila ofisi ina "njoo kesho" yake. Kinachoua zaidi ni majina. Cheti cha kuzaliwa kinasema Magdalena, cha kidato cha nne kinasema Magreth, na nyumbani anaitwa Mage. Toeni vyeti vyote mezani hiyo hiyo Desemba, msome majina herufi kwa herufi, na palipo na tofauti mshughulikie hati ya kiapo mapema. Mkumbusheni kijana pia kwamba mkopo ni deni: akiajiriwa, makato ni asilimia 15 ya mshahara wake wa msingi kila mwezi mpaka deni liishe.

Halafu, kabla hajapanda basi la kwenda JKT, kaeni naye jioni moja tu. Aandike kwa mkono wake orodha ya programu, namba zake, na vyuo vyake, kwa mpangilio wa anavyovitaka. Na pembeni aandike afanye nini kama matokeo yatakuwa chini ya matarajio. Afungue barua pepe yake mwenyewe. Laini ya simu itakayotumika kwenye maombi ibaki hewani nyumbani, kwa mtu anayesoma ujumbe, kwa sababu anayechaguliwa na vyuo zaidi ya kimoja hutakiwa kuthibitisha kimoja kwa namba ya siri anayotumiwa. Baba mmoja aliufuta ujumbe huo akidhani ni ule wa matapeli wa "ile hela tuma kwenye namba hii". Alikuwa na haki ya kuwa na wasiwasi, lakini tulihangaika wiki nzima.

Mwaka jana nilikuwa steshenari nikichapisha mtihani wangu, akaingia mama kutoka Ukerewe, khanga kiunoni, viatu vina vumbi la stendi. Ilipofika zamu yake akatoa karatasi iliyokunjwa mara nne kutoka nyuma ya kava la simu. Mwandiko ulikuwa wa kivulana, umelalia upande mmoja. Kijana wa kompyuta akamwuliza chaguo la kwanza, mama akasoma jina la chuo, jina la programu, kisha namba yake, herufi moja moja, kidole kikitembea chini ya mstari. La pili vivyo hivyo. La tatu likawa halimridhishi yule kijana.

"Mama, hii haina soko. Ngoja nikuwekee nyingine."

"Mwanangu, weka iliyoandikwa. Tulienda tukaiona."

Akaweka. Mwisho ikaja sehemu ya nywila, naye akaanza kubonyeza ile anayowawekea wateja wote. Mama akamgusa bega. "Hiyo naiandika mimi. Wewe geuka kidogo."