Faida Ivunwe, Mbegu Ibaki

Mtu afikaye katika mwalo wa Nkome, wilayani Geita, usiku usio na mwezi, huona taa za wavuvi wa dagaa zimetapakaa ziwani mithili ya mji. Mwezi ukiwa mpevu taa hizo huzimwa na mitumbwi hupumzika ufukoni, kwa maana dagaa hawaifuati taa penye mbalamwezi. Hata hivyo, hatujamwona mvuvi mwenye akili auzaye mtumbwi wake kwa kuwa mwezi umewaka. Ajua kwamba giza litarudi.

Twayasema haya kwa sababu wako wafanyakazi na wakulima wanaonunua hisa za makampuni, hasa yale ya simu, ambao hutenda sokoni mambo wasiyothubutu kuyatenda ziwani. Bei ikishuka huuza kwa hofu. Ikipanda hununua kwa tamaa.

Na tutazame yaliyowapata jirani zetu. Mwaka 2008 Serikali ya Kenya iliwauzia wananchi na wengineo robo ya hisa za kampuni ya Safaricom, kila hisa kwa Shilingi 5 za Kenya. Wengi walijitokeza, na wako waliokopa benki ili wasikose. Mwaka uliofuata bei ilianguka hata chini ya Shilingi 3. Mwenye deni hakuwa na nafasi ya kungoja. Aliuza kwa hasara, na deni likabaki palepale. Waliostahimili waliiona hisa ile ile ikipita Shilingi 40 mwaka 2021, maana huduma ya M-Pesa, iliyoanza mwaka 2007, ilikuwa imekwisha enea nchi nzima. Lakini mwaka 2023 bei ilishuka tena chini ya Shilingi 15. Aliyenunua kwa 40 kwa kufuata kelele za watu aliona zaidi ya nusu ya thamani ikiyeyuka.

Basi lipi jambo la busara, kuuza au kungoja? Sisi twasema yote mawili, kila moja kwa kipimo chake. Tumchukue mtu aliyenunua hisa 1,000 kwa Shilingi 5,000. Bei ilipofika 40, kama angaliuza hisa 125 tu, angalirudisha fedha yake yote, tukiacha ada ya dalali, na hisa 875 zingalibaki mkononi mwake zikimletea gawio. Hivyo ndivyo afanyavyo mkulima: hula sehemu ya mavuno na mbegu huitunza.

Wako wasemao kwamba subira peke yake yatosha. La, haitoshi. Hisa za Vodacom Tanzania ziliuzwa mwaka 2017 kwa Shilingi 850, na miaka kadhaa baadaye bei yake katika Soko la Hisa la Dar es Salaam ilikuwa chini ya hapo. Hata dhahabu, ambayo watu wa Geita waijua kuliko wengi, ina fundisho lake. Wakia moja ilipita dola 800 mwezi Januari 1980, ikaporomoka hadi karibu na 250 mwaka 1999, na kilele kile cha 1980 hakikupitwa mpaka mwaka 2008. Ni mfanyakazi gani awezaye kungoja miaka 28, naye ana watoto wa kusomesha?

Kwa hiyo twawashauri ndugu zetu mambo manne. Ada ya shule na fedha ya chakula zisinunue hisa. Mkopo usinunue hisa. Akiba yote isiwekwe katika kampuni moja. Na siku ile ile ya kununua, mtu aandike ni kwa bei gani atauza sehemu ili kurudisha mtaji wake, kisha alishike neno lake, hata jirani akimcheka.

Mwezi utawaka tena, hilo halina shaka. Mwenye deni ndiye atakayelazimika kuuza mtumbwi. Asiye na deni ataketi ufukoni akishona nyavu zake, akingoja giza.