Sungura na Mahali pa Haja

Katika lawama zote atwikwazo sungura afugwaye nyumbani, hapana iliyo mbali na haki kama ile ya kuitwa mchafu. Kwani mnyama huyu, kwa asili ya maumbile yake, ni katika wanyama wajitengeao mahali maalumu pa kwendea haja, na yule atapakazaye vipunje vya kinyesi chini ya kitanda, juu ya mkeka na kandokando ya gunia la posho, aghalabu ana sababu yake ambayo mwenye nyumba hajajisumbua kuitafuta. Sababu hizo ndizo madhumuni ya sura hii. Na kwa kuwa haiwezekani kusema na nyumba zote kwa mara moja, tutasema na zile za pande za Ankole, huko Nakivale na Mbarara.

Nakivale, makazi ya wakimbizi yaliyofunguliwa mwaka 1958, na ambayo kwa miaka iliyofuata yaliwapokea Wanyarwanda, kisha Wakongo, Warundi, Wasomali, Wahabeshi na wengineo, yamo katika wilaya ya Isingiro, iliyokuwa sehemu ya wilaya ya Mbarara hata mwaka 2005. Nyumba nyingi huko ni za udongo, zimeezekwa bati au turubai, na sungura ashindaye uani mchana kutwa huingizwa ndani jua likichwa, kwa hofu ya mbwa, nguchiro na mkono wa mwizi. Na yule aliyekusudiwa kitoweo mara nyingi huishia kuwa rafiki wa watoto, akalala nao chumba kimoja. Mbarara, mji uliopandishwa daraja ukawa jiji mwaka 2020, mpangaji ana sakafu ya saruji na jirani aliyetengwa naye kwa ukuta mmoja wa tofali, na harufu haina habari ya nani amelipa kodi ya chumba gani.

Sungura huyu si yule mjanja wa hekaya zetu, ambaye ni mnyama wa mbugani, alalaye juu ya ardhi katika majani wala asichimbe shimo. Wazazi wa sungura wa kufugwa asili yao ni Hispania na Ureno, nao huishi chini ya ardhi kwa jamaa, katika mashimo yaliyounganishwa, kila jamaa na eneo lake na wakubwa wake. Mtaalamu Roman Mykytowycz, aliyewachunguza kwa miaka mingi huko Australia, alibainisha kwamba malundo ya kinyesi yaonekanayo katika maeneo hayo ni alama za milki: karibu na njia ya haja kubwa mna tezi zitiazo harufu katika vipunje, na tezi hizo ni kubwa zaidi kwa madume, hasa madume watawala. Hapa ndipo penye kiini cha mas'ala yetu. Vipunje vilivyolundikana pembeni pamoja na mkojo ni haja. Vilivyotawanywa kimoja kimoja, vikavu, penye kizingiti na mbele ya kitanda, ni tangazo la umiliki, na tangazo halitibiwi kwa beseni.

Tena kuna kinyesi cha namna nyingine, laini, chenye kung'aa, kilichoshikamana vichalavichala, ambacho daktari wa wanyama Mfaransa, Morot, alikieleza mwaka 1882. Sungura hukila kitokapo tu, aghalabu usiku na alfajiri, na humo hupata vitamini na protini zilizotengenezwa na vijidudu vya utumbo wake. Kikionekana kimepondeka sakafuni, asishutumiwe mnyama, itazamwe sahani yake: yamkini posho, mkate na ndizi mbivu zimezidi, na nyasi zimepungua, au amenenepa hata kinywa hakifiki kinapopaswa kufika.

Ama haja yenyewe, dawa yake ni kumfuata mnyama, si kumwamuru. Mtu huweka karai pale apendapo yeye, nyuma ya mlango, kisha akakasirika kuona sungura akikojoa pembe ya pili. Yafaa kwanza kumfungia katika sehemu ndogo ya chumba, siku chache, na kuangalia ni pembe ipi aiendeayo; hapo ndipo chombo kiwekwe, maana sungura ndiye agawaye viwanja, na mwenye nyumba ni mpima ardhi tu ajaye baadaye kupigilia vigingi. Chombo chenyewe si lazima kinunuliwe. Dumu la manjano la lita 20 lililopasuka, likilazwa na kukatwa ubavu wake wa juu, hutosha sungura mkubwa kugeuka ndani yake. Kingo zisuguliwe kwa jiwe zisimchane tumbo, na upande mmoja ukatwe chini zaidi uwe mlango. Ndani litandikwe nyasi kavu au majani makavu ya mgomba yaliyokatwakatwa, ambayo Isingiro hayana bei. Maranda ya misonobari, yenye harufu kali ya utomvu, yaachwe kwa fundi seremala, kwani huwadhuru sungura mapafu na ini. Na chakula cha nyasi kitundikwe palepale ukingoni, hata kama jambo hilo lamchukiza msomaji mwenye adabu za mezani, maadamu sungura hutafuna na kujisaidia kwa wakati mmoja, wala haoni aibu.

Chombo kikisafishwa, ibakishwe humo konzi moja ya matandiko yaliyoloa, ili harufu imkumbushe. Lakini pale alipokosea paoshwe hata harufu iishe. Hapa wengi hukosea kwa kutumia majivu, kwa mazoea ya chooni. Mkojo, ukikaa, huvunjwa na vijidudu ukatoa hewa ya amonia, na majivu, kwa kuwa ni ya magadi, huizidisha kutoka, hata macho yakawasha katika chumba kisicho na dirisha. Kinyume chake ni siki au maji ya limau, ambayo huifunga amonia na kuyeyusha ule ukoko mweupe ushikao sakafuni. Maana sungura hutoa chokaa iliyozidi mwilini kwa njia ya mkojo. Katika nchi kavu kama Isingiro, ambako maji hubebwa kwa kichwa, limau moja huokoa maji mengi.

Katika nyumba ya Waislamu mas'ala haya yana uzito wa ziada. Nyama ya sungura ni halali kwa madhehebu ya Sunni, walakini kwa madhehebu ya Shafii, wayafuatayo Wasomali na watu wa pwani, mkojo na kinyesi cha kila mnyama ni najisi. Kipunje kikavu juu ya mkeka mkavu huondolewa tu, kwani kikavu hakinajisi kikavu. Mkojo hauna budi kuoshwa kwa maji. Basi msala ukunjwe na kutundikwa ukutani baada ya sala, jambo lililo jepesi kuliko kumfundisha dume kijana heshima ya mahali pa ibada.

Na dume kijana ndiye mwenye mashaka kuliko wote. Afikapo miezi minne hivi, aliyekuwa mtaratibu huanza kurusha mkojo hata ukutani, na hapana kofi wala kelele itakayomzuia, illa kumwongezea hofu, na hofu yenyewe humkojoza. Kumhasi hupunguza tabia hiyo, ingawa hubaki na uwezo wa kuzalisha kwa majuma kadhaa. Lakini daktari wa Mbarara, aliyezoea ng'ombe wa maziwa, aulizwe kwanza kama amepata kumpasua sungura, kwa sababu sungura hatapiki, na hafungishwi njaa kabla ya kisu kama mbwa. Asiyeweza gharama amtenge dume katika banda lake. Wala mtu asimpe sungura kwa kinywa dawa za jamii ya penisilini zilizobaki nyumbani, kwani huua vijidudu vya utumbo wake, naye akafa.

Yako makosa yasiyo ya tabia. Sungura mzee mwenye maumivu ya viungo hawezi kuruka ukingo. Ashushiwe mlango wa dumu. Mkojo mwekundu mara nyingi ni rangi ya majani aliyokula. Lakini akichuchumaa muda mrefu, akikamua matone na kusaga meno, huyo ni mgonjwa wa kibofu, na haifai kungoja siku ya soko ndipo apelekwe kwa daktari.

Kinachotoka katika dumu hakitupwi. Vipunje vya sungura haviunguzi mizizi kama samadi mbichi ya kuku. Hufukiwa siku ileile penye shina la mgomba, na mkojo, uliochanganywa na maji mengi, hunyunyiziwa sukuma wiki jioni. Majirani wa Mbarara wasio na shamba huweka vipunje guniani, na mwenye bustani hupita kuvichukua.