Gari Kuukuu: Tazama Ekseli Kabla ya Rangi

Baada ya mavuno, vikundi vingi vya wakulima hufikiria kununua gari. Gari jipya ni ghali. Kwa hiyo wengi hutafuta Land Rover au Land Cruiser ya zamani. Magari haya hupita kwenye matope na mchanga, kwa sababu injini yake huweza kuzungusha magurudumu yote manne. Mchana hubeba mazao. Usiku hubeba mgonjwa kwenda hospitali.

Muuzaji atakuonyesha rangi mpya na viti vizuri. Wewe inama, utazame chini ya gari. Huko ndiko kwenye ekseli na springi.

KAZI YA EKSELI

Ekseli ni mhimili wa chuma unaounganisha magurudumu mawili, la kushoto na la kulia. Katikati yake kuna uvimbe wa mviringo. Huo huitwa difu. Ndani ya ekseli kuna vyuma viwili virefu. Kila kimoja hutoka kwenye difu na kuzungusha gurudumu moja. Chuma hicho huitwa hafushafti.

Hafushafti ziko za aina mbili. Aina ya kwanza huzungusha gurudumu tu. Uzito wa gari hubebwa na ganda la ekseli. Aina ya pili hufanya kazi mbili. Huzungusha gurudumu, tena hubeba uzito wa gari.

LAND ROVER NA LAND CRUISER

Land Rover Series III ilitengenezwa kuanzia mwaka 1971 hadi 1985. Hafushafti zake za nyuma ni za aina ya kwanza. Ukitazama katikati ya gurudumu la nyuma, utaona habu imetokeza nje, nayo imezungukwa na bolti 6.

Land Cruiser fupi ya FJ40 ni ya zamani vilevile. Hafushafti zake za nyuma ni za aina ya pili. Katikati ya gurudumu lake la nyuma ni bapa. Hakuna habu iliyotokeza.

Je, tofauti hii ina maana gani njiani? Hafushafti ya Land Rover ikikatika, gurudumu hubaki mahali pake. Hafushafti ya FJ40 ni nene na ngumu. Lakini ikikatika, gurudumu laweza kuchomoka pamoja na kipande cha hafushafti. Gari laweza kupinduka. Kwa hiyo ukisikia mlio mpya kwenye gurudumu la nyuma la FJ40, au ukiona mafuta yakivuja hapo, simama. Mwite fundi.

Land Rover nazo hazilingani. Ekseli ya nyuma ya zile za zamani zaidi ina hafushafti nyembamba. Hizo zinajulikana kwa kukatika. Land Rover ndefu nyingi za Series III zina ekseli ya nyuma iitwayo Salisbury, yenye hafushafti nene zaidi. Utaitambua hivi: tazama difu kwa nyuma. Ukiona mfuniko uliofungwa kwa bolti kuzunguka, hiyo ni Salisbury. Kwa gari la kubeba mizigo, hiyo ndiyo bora.

HAFUSHAFTI IKIKATIKA

Kwanza weka mawe mbele na nyuma ya magurudumu. Usitegemee breki ya mkono. Breki ya mkono ya Land Rover hizi hushika shafti ya katikati, haishiki gurudumu lenyewe. Hafushafti ya nyuma ikikatika, breki hiyo haishiki tena, na gari laweza kuteremka lenyewe.

Kisha fundi afungue zile bolti 6 na kuvuta hafushafti nje. Atoe vipande vyote, hata kilichobaki ndani ya difu. Kikiachwa kitaharibu meno ya difu. Azibe tundu ili vumbi lisiingie. Halafu dereva aingize gia ya magurudumu manne. Magurudumu ya mbele yatavuta gari polepole hadi nyumbani.

SPRINGI

Magari haya yote yana springi za mabapa ya chuma yaliyopangwa moja juu ya jingine. Springi hizi hubeba uzito, tena hushikilia ekseli mahali pake. Bapa moja likivunjika, fundi huweza kubadili hilo moja tu.

Katikati ya springi hupita senta-bolti. Ikikatika, ekseli husogea na gari huenda upande. Unaweza kupima mwenyewe kwa kamba. Simamisha gari mahali tambarare, magurudumu ya mbele yakiwa yamenyooka. Pima kutoka katikati ya gurudumu la mbele hadi katikati ya gurudumu la nyuma. Fanya hivyo pande zote mbili. Vipimo vikipishana sana, ekseli imesogea.

Tazama pia yu-bolti zinazofunga springi kwenye ekseli. Kama zimelegea, zikazwe. Springi zikibadilishwa, zikazwe tena baada ya safari fupi ya kwanza. Usiingie kamwe chini ya gari lililoshikwa na jeki peke yake. Weka magogo imara.

USIDANGANYWE NA SPRINGI NENE

Wenye magari wengine huongeza mabapa ili gari libebe zaidi. Gari husimama juu, likaonekana lina nguvu. Huo ni udanganyifu. Springi imeongezwa, lakini ekseli ni ile ile. Hafushafti ni zile zile. Breki ni zile zile. Mzigo uliozidi utavunja kimojawapo, na mara nyingi utakivunja kwenye mteremko, watu wakiwa wamekaa juu ya magunia.

Piga hesabu. Magunia 10 ya kilo 100 ni tani 1. Land Rover ndefu ya zamani haikuundwa kubeba zaidi ya hapo, na watu nao wana uzito wao. Magunia 20 yaende kwa safari mbili.

Kabla kikundi chenu hakijatoa fedha, nendeni na fundi mnayemwamini na kamba ya kupimia. Tazameni habu, difu, senta-bolti na yu-bolti. Rangi hupakwa kwa siku moja. Ekseli ikivunjika, ni fedha za msimu mzima, na pengine ni maisha ya watu.