Pale Madina, Kibla ni Suheli

Msimu wa Umra umalizikapo, nyumba zetu za Pwani hujaa harufu ya udi na sauti za wageni. Aliyerudi huketi ukumbini, na jamaa humjia mmoja mmoja; huyu hupewa chupa ya Zamzam, yule hupewa tende za Madina, na watoto hugaiwa kofia na tasbihi. Baada ya wiki mbili maji yamekwisha, tende zimeliwa, na tasbihi imekatika uzi. Hatuzidharau zawadi hizo, kwani kupeana hadia ni katika adabu njema za dini yetu. Lakini mwaka huu tumeona zawadi ya namna nyingine, aliyorudi nayo mwalimu mmoja wa shule ya msingi, nasi tungependa kina mama na wazazi wote waisikie.

Mwalimu huyu hufundisha Gredi ya Nne katika shule ya serikali upande wa Likoni. Alikwenda Umra katika likizo ya Disemba, kwa akiba aliyoiweka miaka kadhaa katika chama cha wanawake. Tulipomuuliza ni jambo gani lililomgusa zaidi, tulitaraji atutajie ile saa ya kuiona Kaaba kwa mara ya kwanza. Aliitaja, naam, na sauti ikamkwama. Kisha akasema: "Sheikh, nilipofika Madina nikasimama kuswali, niliambiwa nimeelekea kusini. Nilikaa siku nzima nikihisi dunia imegeuzwa."

Maneno hayo yataka maelezo. Sisi watu wa Pwani tumezoea kuiita kaskazini kwa jina la kibla. Nahodha akisema chombo kimeshika njia ya kibla, maana yake kinakwenda kaskazini. Na kusini wazee waliiita suheli, kwa jina la nyota. Mtoto aliyezaliwa hapa na kukulia hapa huona kwamba kibla ni upande mmoja wa dunia, usiobadilika, kama vile juu ni juu na chini ni chini. Na sababu ya mazoea hayo iko katika ramani. Mombasa iko karibu na digrii 39.7 mashariki, na Makka iko karibu na digrii 39.8, yaani miji hii miwili inakaribia kuwa katika mstari mmoja wa longitudo. Mtu angeweza kutoka hapa akaenda kaskazini moja kwa moja, asikunje kulia wala kushoto, na baada ya kilomita zipatazo 2,800 angefika Makka. Madina nayo iko kaskazini ya Makka. Kwa hivyo anayeswali Madina huipa Sham mgongo na kuelekea suheli. Nyumba ni ile ile. Aliyehama ni mwenye kuswali.

Shule zilipofunguliwa, mwalimu alilipeleka jambo hili darasani. Hakuanza kwa picha. Aliwatoa watoto nje, akaweka kigoda katikati ya uwanja, akawaambia: hapa ni Makka. Mtoto mmoja akasimamishwa upande wa kusini awe Mombasa, mwingine kaskazini awe Madina, mwingine kaskazini magharibi awe Cairo, mwingine mbali kusini mashariki awe Jakarta. Kisha wote wakaambiwa wakielekee kigoda. Yule wa Mombasa na yule wa Madina walijikuta wanatazamana usoni, wakaangua kicheko. Baada ya hapo ndipo lilipoletwa tufe la dunia na uzi, watoto wakapima wenyewe. Sisi tuliosoma chuoni tulioneshwa mihrabu tukaambiwa, kibla ni hapo. Tukaamini, na tulifanya vyema kuamini, lakini kicheko kile cha uwanjani hatukukipata.

Darasani mna watoto wa Kiislamu na wasiokuwa Waislamu, na mwalimu hakumlazimisha yeyote. Mtoto mmoja wa Kikristo aliuliza kama na yeye anaweza kuvuta uzi mpaka Jerusalem. Akaruhusiwa. Uzi wake ukapita kandokando ya ule wa Makka, umeinama kidogo tu kuelekea magharibi. Mwalimu akapata nafasi ya kuwaeleza kwamba Bayt al-Maqdis ndiyo iliyokuwa kibla cha kwanza cha Waislamu, na kwamba katika ziara ya Madina alipelekwa kwenye Msikiti wa Qiblatayn, unaokumbukwa kwa habari ya kugeuka huko. Mtu wa Mombasa angegeuka kidogo sana. Watu wa Madina iliwapasa wageuke nyuma kabisa. Haya tuliyasoma vitabuni tangu ujana, lakini ukubwa wa kugeuka huko huonekana zaidi kwa uzi juu ya tufe.

Qur'ani imetuita mara nyingi tutembee katika ardhi na tutazame, na kutazama kwenyewe ni kazi. Ibn Battuta alitoka kwao Tanja mwaka 1325, kijana wa miaka 21, akikusudia Hija. Mwaka 1331 alipita pwani yetu akielekea Kilwa, na Mombasa alilala usiku mmoja tu. Usiku mmoja! Hata hivyo aliandika kwamba kwenye milango ya misikiti yetu kulikuwa na visima, akataja kina chake, na kata ya mti iliyotiwa kijiti cha urefu wa dhiraa moja, na jinsi watu walivyoosha miguu kisha wakaipangusa kwenye jamvi kabla ya kuingia. Msafiri huyu alikuwa ameona makasri ya wafalme, na bado alipima kijiti cha kata. Mwalimu wetu aliwasomea watoto habari hizo, kisha akawatuma kila mmoja akautazame msikiti, kanisa au hata jiko la nyumbani kwao kama mgeni wa usiku mmoja, aje na jambo moja alilolipima. Walirudi na urefu wa mbuzi ya kukunia nazi, idadi ya ngazi za mnara, na hesabu ya ndoo za maji zinazotumika nyumbani kwa siku.

Si wote waliofurahi. Katika kikao cha wazazi baba mmoja alisema kwamba mwalimu amekwenda Umra kwa pesa zake na thawabu ni zake, watoto wafundishwe yaliyo katika mtihani. Malalamiko hayo hatuyapuuzi. Yako masimulizi ya safari ambayo ni kujionesha tu, na sote tumewahi kukaa ukumbini tukioneshwa hoteli kwenye simu hadi chai ikapoa. Lakini pande za dira zimo katika Masomo ya Jamii, na mwalimu alikuwa hajatoka nje ya somo lake hata hatua moja. Isitoshe, picha za hoteli na masoko, ambazo anazo mamia, hakuzifungua kabisa. Alituambia kwamba katika darasa lake wamo watoto wasiojua kama watakula usiku, na hakutaka safari yake iwe kitu cha kutamaniwa kwa macho.

Na palikuwa na sababu nyingine, ambayo hakuisema kikaoni. Yumo darasani msichana ambaye mama yake yuko Jeddah, anafanya kazi za nyumbani, na analelewa na bibi yake. Wasomaji wetu wanazijua nyumba za namna hii, huenda msomaji mwenyewe ni katika nyumba hizo. Kwa mtoto huyu neno Saudia halina harufu ya udi. Ni nchi iliyomchukua mama, inayomrudisha kwa sauti ya simu usiku, na wakati mwingine hata sauti haiji. Mwalimu alikiri kwamba alikaribia kuliacha somo zima kwa ajili yake, asije akamtonesha.

Msichana ndiye aliyeuliza swali. Aliinua mkono, akataka kujua: sasa hivi huko ni mchana au ni usiku? Kumbe muda wote alikuwa akidhani kwamba mama, kwa kuwa amekwenda kwa ndege, yuko katika saa nyingine. Mwalimu akamwambia kwamba saa za Saudia na za Kenya ni moja, hazipishani. Ikiwa hapa ni saa nne, na huko ni saa nne. Kisha akamwonesha Jeddah kwenye tufe, karibu na mstari ule ule. Kwa hesabu ya jua, Adhuhuri ya Mombasa na ya Jeddah hazipishani zaidi ya dakika mbili hivi. Magharibi ndiyo hupishana, na mwalimu aliliona mwenyewe: kule Makka mwezi wa Disemba jua lilitua kabla ya saa kumi na mbili, hapa likiwa bado juu; na mwezi wa Juni huwa kinyume chake, sisi tunatangulia kwa karibu dakika 50.

Bibi wa mtoto alimjia mwalimu wiki iliyofuata. Hakuja kulalamika. Alitaka naye aelezwe habari ya Adhuhuri, kwa sababu mjukuu wake kila adhana inapolia husimama mlangoni na kusema kwamba mama naye ameisikia, na bibi hakujua kama ni kweli au ni maneno ya mtoto. Mwalimu alimwekea tufe mapajani.

Sasa darasa linangojea jua. Mara mbili kwa mwaka, tarehe 27 au 28 Mei na tarehe 15 au 16 Julai, jua husimama juu ya Kaaba hasa: mwezi wa Mei ni saa sita na dakika 18 mchana, na Julai ni saa sita na dakika 27. Kwa kuwa saa zetu ni moja, hakuna hesabu ya kuongeza wala ya kupunguza. Fimbo ya mita moja ikisimamishwa wima hapa Mombasa saa hiyo, kivuli chake kitakuwa kama sentimita 48, kimelala kuelekea suheli, na upande wa pili wake ndicho kibla. Mei mara nyingi mawingu ya masika huharibu, kwa hivyo mwalimu ametegemea zaidi Julai, inshaallah. Kina mama walio nyumbani wanaweza kufanya vivyo hivyo uani kwa mpini wa ufagio, ila wautundikie uzi wenye jiwe kando yake, wapate kujua kama umenyooka.