Ushindi wa Anayechelewa Kuchoka

Lodwar na Kakuma, huko Turkana, hazina mbio za farasi. Uwanja wa mbio hizo uko Nairobi, kando ya Barabara ya Ngong, tangu 1954. Huko, katika baadhi ya mbio, farasi bora hubebeshwa uzito zaidi ili wanyonge wapate nafasi, na mtabiri makini haridhiki na muda wa mbio zilizopita. Huuliza nani aliongoza, nani alijikinga nyuma na nani alisukumwa nje kwenye kona. Kocha wa Turkana anayepima wakimbiaji wa mita 800 ana sababu ya kuuliza hayo hayo.

Paul Ereng, Mturkana, alitwaa dhahabu ya mita 800 katika Olimpiki ya Seoul mwaka 1988. Mzunguko wa kwanza wa fainali uliisha chini ya sekunde 50, Mkenya mwenzake Nixon Kiprotich akiwa miongoni mwa waliochochea kasi. Ereng alitulia nyuma, kisha kwenye nyoofu ya mwisho akampita Joaquim Cruz wa Brazil, akamaliza kwa 1:43.45. Kiprotich alikuwa wa nane.

Macho yaliona Ereng akichomoka, ilhali waliokuwa mbele ndio waliokuwa wakififia. Hata Mkenya David Rudisha, alipoweka rekodi ya dunia ya 1:40.91 London mwaka 2012, alikimbia mzunguko wa kwanza kwa sekunde 49.28 na wa pili kwa 51.63.

Sababu iko mwilini. Misuli huhitaji nguvu nyingi kabla mapafu na moyo hayajafikisha oksijeni ya kutosha, hivyo huchota akiba isiyotumia oksijeni. Akiba hiyo ni ndogo. Anayeifuja mapema hulipa mwishoni. Hewa nayo hutoza ushuru: mwaka 1971 mwanafiziolojia Griffith Pugh alionyesha kwamba kukimbia mita moja nyuma ya mwenzako, kwa kasi ya mita 6 kwa sekunde, hupunguza matumizi ya oksijeni kwa takriban asilimia 6.5. Lakini anayejikinga akisukumwa nje mita moja huongeza mita 3 hivi kila kona.

Mwaka 2016, vijana watano waliotoka kambi ya Kakuma walikimbia Rio katika Timu ya Wakimbizi ya Olimpiki, baada ya kuchaguliwa 2015 kufanya mazoezi Ngong chini ya mwanariadha mstaafu Tegla Loroupe. Katika mita 800, Yiech Pur Biel alipata 1:54.67, Rose Nathike Lokonyen 2:16.64. Tarakimu hizo hazisemi nguvu ziliishia wapi. Kocha anayesaka kipaji Kakuma au Lodwar apige saa kila mita 200 na aandike nani alikuwa nje kwenye kona. Huenda wa nne wa leo ndiye mwenye mbio nzuri kuliko mshindi.