Uturuki, Nchi ya Abla

Uturuki ina eneo la kilomita za mraba 783,562, kwa hiyo ni ndogo kuliko Tanzania. Mwisho wa mwaka 2023 ilihesabiwa kuwa na watu 85,372,377, na kati yao zaidi ya milioni 15 wanaishi Istanbul peke yake. Mikoa ni 81. Kaskazini kuna Bahari Nyeusi, magharibi Bahari ya Aegean, kusini Mediterania. Mlima mrefu kuliko yote, Ağrı, una mita 5,137, nao umepungukiwa na zaidi ya mita 700 kuufikia urefu wa Kilimanjaro. Mji mkuu ni Ankara tangu Oktoba 1923.

Msafiri aliyenakili takwimu hizo kwenye daftari lake akiwa ndani ya ndege kutoka Dar es Salaam alikusudia kuendelea vivyo hivyo: hali ya hewa, mazao, viwanda, elimu. Alifika kwenye mazao tu. Kuanzia hapo kurasa zote zimejaa neno moja la Kituruki, gün.

Maana yake ni siku. Wanawake kumi au kumi na wawili, majirani au waliosoma pamoja, hukutana mara moja kwa mwezi nyumbani kwa mmoja wao. Kila mgeni huja na sarafu ndogo ya dhahabu iitwayo çeyrek, yaani robo, yenye uzito wa gramu 1.75 hivi, akamwachia mwenyeji. Mwezi unaofuata zamu huhamia nyumba nyingine, mpaka mzunguko utimie. Mwanamke wa Temeke hahitaji maelezo zaidi: huu ni mchezo, anaujua, na pengine yeye mwenyewe ndiye kijumbe. Tofauti ni dhahabu. Oktoba 2022 mfumuko wa bei kwa hesabu za serikali ulivuka asilimia 85, na anayecheza kwa lira katika hali hiyo akapangiwa zamu ya mwisho atapokea kiinimacho.

Mezani kuna chai katika vikombe vya kioo vyenye kiuno chembamba, börek za jibini, majani ya mzabibu yaliyoviringishwa wali, na kısır, ngano iliyovunjwavunjwa ikachanganywa na nyanya, limau na majani mabichi. Wanaume wana vijiwe vyao, kahvehane, nyumba za chai na karata ambako kwa vizazi vingi watu wa mkoa mmoja wametafutiana vibarua, vyumba na wachumba wa watoto wao. Mwanamke hakai kahvehane. Baraza lake ni sebule ya jirani.

Zamani hizo sebule hazikuwa mahali pa kuzungumzia kazi za ofisini, na nyingi bado haziko hivyo. Lakini msafiri huyu, mwanamke aliyecheza mchezo miaka tisa, aliondoka Uturuki na imani moja: vyama vya kitaaluma vya wanawake wa huko ni watoto wa zile sebule. Vimerithi kukutana kwa ratiba, kupeana zamu, kutunza siri, na zaidi ya yote neno abla.

Abla ni dada mkubwa. Mwanamke wa Kituruki humwita hivyo dada yake wa tumbo moja, muuza mboga aliyemzidi umri, na mkuu wa idara anayempenda. Anayeitwa abla hawezi kukaa kimya akimwona mdogo wake anapotea.

Kwa nini walihitaji vyama? Mwaka 2023 wanawake wenye kazi au wanaotafuta kazi walikuwa asilimia 35.8, wanaume 71.2. Kwetu wanawake walio kazini ni wengi zaidi kuliko hao, ingawa jembe na genge ndivyo vinavyobeba hesabu hiyo. Hata hivyo, Mturuki aliyesoma hafichiki: wanawake ni zaidi ya asilimia 40 ya wahadhiri wa vyuo vikuu, na takriban theluthi ya maprofesa. Yaani mlango ni mwembamba, lakini wanaopita hufika mbali. Wakifika, wanajikuta wamezungukwa na wanaume waliofahamiana tangu jeshini.

Na hilo si jambo la jana. Mwaka 1913, Istanbul ikiwa bado mji wa masultani, lilianzishwa gazeti Kadınlar Dünyası, yaani Dunia ya Wanawake, chini ya Ulviye Mevlan na wenzake, likiandikwa na wanawake watupu. Mwanamke mmoja, Bedra Osman, aliomba kazi kwenye kampuni ya simu akakataliwa. Gazeti na chama chake vikalishikia bango suala hilo hadi kampuni ikalegeza, na Bedra Osman na wenzake kadhaa wakaingia kazini. Msafiri aliisoma habari hiyo mara tatu. Miaka zaidi ya 110 iliyopita, mwanamke alinyimwa kazi na wenzake hawakumwambia avumilie, Mungu atajalia.

Jamhuri ilipokuja ilitoa haki kwa kasi: kura za mabaraza ya miji mwaka 1930, kura za bunge mwaka 1934. Lakini sheria ileile ya jamhuri iliendelea kusema kwamba mke anayetaka kufanya kazi apate ridhaa ya mumewe, na kifungu hicho kilifutwa na Mahakama ya Katiba mwaka 1990 tu. Mwanamke ambaye leo ana miaka sitini aliingia kazini chini ya kifungu hicho. Huyo ndiye abla anayezungumzwa hapa.

Mwaka 2002 wanawake wenye biashara zao walianzisha chama kiitwacho KAGİDER, na mwaka 2008 wakafungua ofisi Brussels, wapate kusikika Ulaya bila kumtuma mtu. Mwaka 2007 jumuiya ya vyama vya wafanyabiashara, TOBB, iliunda kamati za wanawake wajasiriamali zilizofika mikoa yote 81. Mwaka huohuo TÜSİAD, chama cha matajiri wa viwanda kilichoanzishwa 1971, kilimpata mwenyekiti wake wa kwanza mwanamke, Arzuhan Doğan Yalçındağ. Na kabla ya uchaguzi wa 2007, chama cha KADER, kinachowasaidia wanawake wagombea, kilibandika mabango ya wanawake mashuhuri waliochorwa masharubu, kikiwauliza wapiga kura kama ni lazima mtu awe mwanamume ndipo aingie bungeni. Wabunge wanawake walikuwa 24. Baada ya uchaguzi huo wakawa 50.

Kilichomshika msafiri zaidi ni malezi ya kazi yenyewe, jinsi yanavyofanywa. Tangu mwaka 2012, kwa mfano, kuna programu inayowaoanisha wanawake waliokwisha kupanda ngazi na wenyeviti wa bodi na wakurugenzi wakuu, ili nao waandaliwe kwa viti vya bodi. Sharti ni kwamba mlezi atoke kampuni nyingine. Sharti hilo ni dogo lakini ndilo linalobeba kila kitu. Mtu hawezi kumwambia bosi wake kwamba anamwogopa bosi wake. Kwa mtu wa kampuni nyingine atasema: nimepewa cheo bila nyongeza, nidai vipi? Nimerudi kutoka uzazi nikakuta meza yangu ina mtu, nianzie wapi?

Wanafunzi nao hawakusahauliwa. Mwaka 2015 wakfu wa kampuni ya ujenzi ya Limak, chini ya Ebru Özdemir, ulianzisha mpango wa Türkiye'nin Mühendis Kızları, mabinti wahandisi wa Uturuki. Msichana anayesomea uhandisi hupata fedha za masomo, nafasi ya mafunzo kazini, masomo ya Kiingereza, na mhandisi aliyekwisha kuzoea kazi wa kumshika mkono. Wasichana wa Tanzania wanaopanda treni ya umeme kutoka Dar es Salaam kwenda Morogoro wanakaa juu ya reli iliyojengwa na kampuni ya Kituruki, Yapı Merkezi. Reli tumeinunua. Lile la kumshika binti mkono lingekuja bila mkopo.

Waturuki wana neno torpil, yaani torpedo, la kazi inayopatikana kwa sababu mjomba amepiga simu. Kwetu ni kimemo. Mtu akisikia habari za mitandao ya wanawake hudhani ni torpil iliyovaa gauni, na inafaa kulijibu hilo kwa uzito. Torpil humpa mtu kiti na kumwacha mjinga vilevile. Mlezi wa kazi hana kiti cha kugawa, maana yuko kampuni nyingine. Anachotoa ni ramani. Anayebebwa na torpil huogopa siku mjomba atakapostaafu. Aliyepewa ramani huweza kumpa mwingine nakala.

Doa lipo. Vyama hivi vingi ni vya Istanbul na miji mikubwa, na ni vya waliosoma. Mwanamke anayechuma hazelnut kwenye milima ya Bahari Nyeusi hajawahi kusikia habari za viti vya bodi. Kwa huyo wapo wengine. Wakfu wa KEDV, ulioanzishwa 1986, umewaunganisha wanawake wa kipato cha chini katika ushirika. Na baada ya tetemeko la Agosti 1999 lililoua maelfu ya watu karibu na İzmit, ulifungua vituo vya wanawake na watoto katikati ya mahema. Kuna pia ÇYDD, chama kilichoongozwa na Türkan Saylan, daktari wa wagonjwa wa ukoma. Kazi yake ilimfikisha vijiji vya mashariki, akaona wasichana wasiokwenda shule, na kuanzia mwaka 2000 chama chake pamoja na kampuni ya simu ya Turkcell kikawalipia maelfu ya wasichana masomo. Mpango huo uliitwa Kardelen, ua linalotoboa theluji. Saylan alifariki Mei 2009.

  

Waturuki walio nje wana historia yao. Oktoba 1961 Uturuki na Ujerumani Magharibi zilitia saini mkataba wa wafanyakazi, na waliopanda treni hawakuwa wanaume peke yao. Viwanda vya redio na simu vilitafuta wanawake, vikiamini kwamba vidole vyao vinafaa kwa nyaya ndogondogo. Waliishi katika mabweni ya wanawake, wageni wa lugha, na aliyetangulia kujua neno la Kijerumani la mkate alilifundisha chumba kizima. Emine Sevgi Özdamar alifika Berlin mwaka 1965 akiwa kijana, akafanya kazi kiwandani Telefunken; mwaka 2022 alipewa Tuzo ya Georg Büchner, heshima kubwa kuliko zote kwa mwandishi wa Kijerumani. Özlem Türeci, binti wa daktari aliyetoka Istanbul, alizaliwa hukohuko Ujerumani, na mwaka 2008 akawa miongoni mwa waanzilishi wa BioNTech pale Mainz. Chanjo yao ya korona iliingia katika mikono ya mamilioni.

Kati ya bweni la Berlin na maabara ya Mainz kuna wanawake wengi waliosoma, wametawanyika New York, London na kwingineko, wasiojuana. Mwaka 2010 Melek Pulatkonak alianzisha TurkishWIN ili kuwaunganisha wao kwa wao na wenzao walioko nyumbani. Mwanamke husimama mbele ya wenzake akaeleza alikopita: alikokwama, nani alimfungulia, nini angefanya tofauti. Baadaye ukatoka mtandao wa Kituruki wa intaneti kwa wanaoanza kazi, BinYaprak, yaani majani elfu. Binti wa mji wa mbali asiye na shangazi mhandisi hupata kumsikia mhandisi.

Hapa msafiri alifunga daftari akafikiria kwao, na fikra hizo hazikumpa raha. Vyama tunavyo, wanahabari wanawake waliunda TAMWA tangu 1987, na wanasheria wakafuata na TAWLA. Lakini nje ya hivyo? Pwani yetu ina somo na kungwi, malezi ya mwanamke kwa mwanamke ya zamani sana. Mwali hukalishwa ndani, akafundwa unyumba kwa nyimbo na mafumbo, na somo wake atabaki kuwa mtu wake maisha yote. Bara nako kuna kicheni pati zenye sare na ukumbi. Binti anafundwa namna ya kumpokea mume akirudi kazini. Namna ya yeye mwenyewe kwenda kazini, kusoma mkataba kabla ya kuutia saini, kumkabili meneja anayemtania vibaya, hakuna anayemfunda. Mhasibu anastaafu baada ya miaka 30, anaagwa kwa keki na kitenge, anaondoka na kila alichokijua. Mchezo tunaucheza kwa uaminifu ambao benki zingeuonea wivu, halafu tukishapokea tunakula pilau tunaagana.

Jumamosi ya pili baada ya kurudi alihudhuria mchezo wake Magomeni. Kijumbe alihesabu fedha, zikatimia. Kwenye jamvi moja alikaa binti mwenye shahada ya uhasibu ambaye mwaka wa pili sasa anauza juisi, na bega kwa bega naye mama aliyefanya kazi benki miaka kumi na minane. Wanajuana tangu binti akiwa na meno ya utotoni. Walipokuwa wakiosha vyombo, msafiri alimuuliza binti kama amewahi kumuuliza mama yule chochote kuhusu kazi.

Binti aliinamia beseni, akasugua sinia iliyokwisha kutakata.

"Dada, nikishampa shikamoo, naendelea na nini?"